Mlinzi wa Lango la Sekaka

Wapo hapa asubuhi hii, nami nitawataja kwa majina kamili kwa sababu marehemu hakupenda mtu aitwe nusu: Mma Semakaleng Modisaotsile, mjane, Boikanyo, binti yake wa kwanza, aliyekuja na mumewe kutoka Francistown, Rebaone, Tebatso na Olebile, wanawe wa kiume, ambao tangu jana hawajavua viatu vyenye udongo, Keneilwe, dada wa marehemu, ambaye harusi yake itatajwa, Kelapile Kebalepile, binti wa mjomba wa marehemu, ambaye jana alipokea kichwa cha ng'ombe wa msiba huu, kibichi na chenye ngozi yake, kama inavyoistahili nyumba ya mjomba, Kgosi Gaone Radipitse, mkuu wa kijiji chetu cha Motlhwareng, kama alivyokuwa baba yake, Mma Onalethata Seforo, mwenye umri wa miaka tisini na minne, aliyekataa kiti cha mbele akisema hata akikaa mbele haoni, mchungaji, wanakwaya, na majirani wa pande zote mbili za mto.

Hayupo Rre Tidimalo Mokgosi. Badala yake amekaa mwanawe, Otlaadisa Mokgosi, ambaye alinifikia kabla hatujaanza kuimba na kunipa neno, nami nimelipokea, na nitalisema mahali pake.

Mimi ninayesoma ni Galebowe Modisaotsile, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa nilikua naye ua mmoja na kusoma naye darasa moja. Mengi nitakayosema niliyaona, na ambayo sikuyaona nitasema nani aliniambia.

Mothobi Modisaotsile alizaliwa tarehe 14 Julai 1938 hapa Motlhwareng, mtoto wa kwanza wa Rre Kealeboga Modisaotsile na Mma Ntlhabile, aliyezaliwa Kebalepile, na aliyemfuata ni huyu Keneilwe. Alichunga mbuzi, kisha ndama, kisha akaingia shule ya misheni mwaka 1948, akiwa mkubwa kidogo kama tulivyokuwa wengi wetu, na akamaliza darasa la sita mwaka 1954, akijua kusoma, kuandika, kuimba sauti ya nne, na kupokea fimbo bila kuuliza sababu, maana mwalimu wetu mkuu alikuwa akichapa darasa zima pale mkosaji asipojulikana, na mkosaji hakujulikana kamwe, kwa kuwa sisi tulikuwa tumekubaliana kwamba kumtaja mwenzako ni uovu na kujitaja mwenyewe ni upumbavu. Nalisema hili si kwa kuilaumu shule, iliyotupa mengi, bali ili ijulikane kwamba marehemu hakuzaliwa na tabia mliyomjua nayo.

Mwaka 1958 alikwenda migodini upande wa kusini, akarudi mwaka 1965 na kikohozi, baiskeli na koti jeusi ambalo amevikwa leo. Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na Semakaleng Kebonang, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Boikanyo mwaka 1970, Rebaone mwaka 1973, Tebatso mwaka 1976 na Olebile mwaka 1981. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi wa lango la Sekaka, kwenye ule uzio mrefu uliowekwa kutenganisha ng'ombe wa kaskazini na wa kusini, ili ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Alijenga nyumba huko langoni, upande wa kaskazini, akahamisha na wazazi wake, na kwa miaka saba ufunguo wa lango ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya ngozi, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Mothobi alimpitisha kwa jina au kwa undugu. Mimi mwenyewe alinirudisha na mguu wa mbuzi, nikalala na njaa.

Tarehe 9 Julai 1977, siku ya Jumamosi, Keneilwe aliolewa huko Sekaka, na marehemu alitoa ng'ombe kutoka zizi lake mwenyewe, wa kwanza kuchinjwa tangu awe na zizi. Wakati ule kaskazini kulikuwa na marufuku, nyama mbichi haikuruhusiwa kuvuka kwenda kusini, na ya kupikwa iliruhusiwa. Mjomba wake, Rre Ramasu Kebalepile, hakufika harusini kwa sababu ya nyonga, alibaki hapa Motlhwareng, na kesho yake akatuma ujumbe kwa mtu wa baiskeli, ujumbe ambao Keneilwe anaukumbuka neno kwa neno: "Mwambieni mpwa wangu nasikia harufu ya ng'ombe mpaka huku, lakini kichwa changu sikioni. Au siku hizi wapwa wanakula ubongo wa wajomba zao?"

Kila aliyeketi hapa anajua kwamba kichwa ni cha mjomba. Kila aliyeketi hapa anajua pia kwamba kichwa hakipelekwi kikiwa kimepikwa, maana kilichopikwa ni mabaki, mjomba hupelekewa kichwa chenye ngozi, macho na ulimi, aone mwenyewe kwamba hakuna aliyemtangulia. Mama yao, Mma Ntlhabile, alikuwa hai bado, na kumnyima mjomba kichwa ilikuwa sawa na kumwambia mama yako kwamba hana kaka. Jumapili ile marehemu alikifunga kichwa kwenye gunia, akafungua lango kwa ufunguo wake, akapita, akalifunga nyuma yake, na akaendesha baiskeli hadi kwa mjomba. Aliniambia baadaye kwamba njiani hakufikiria ugonjwa hata mara moja, ng'ombe yule alikuwa mnene na macho yake yaling'aa, na kitu pekee alichofikiria ni kwamba mjomba atafurahi.

Mjomba alifurahi. Ulimi uliliwa, ubongo uliliwa, taya likatupwa, mbwa wakalikokota hadi zizi la jirani, na jirani huyo alikuwa Rre Tidimalo Mokgosi.

Mwanzoni mwa Agosti ng'ombe wa Rre Tidimalo walianza kutoa mate na kuchechemea, wakafuata wa mjomba, wakafuata wetu. Maafisa wa mifugo walikuja na malori, na katika wiki tatu ng'ombe wote wa Motlhwareng walipigwa risasi na kuteketezwa kwenye mashimo nyuma ya kilima. Waliozaliwa baadaye hawawezi kulijua jambo hili kwa kuambiwa, kwa hiyo sitalieleza zaidi, ila nitasema kwamba baba yangu, ambaye alimjua kila ng'ombe wake kwa jina, hakutaja tena jina la ng'ombe yeyote hadi alipokufa.

Jumatano tarehe 24 Agosti 1977, Kgosi Moeti Radipitse aliita baraza kwenye kgotla, uwanja wa mashauri wa kijiji, na swali lilikuwa moja tu, nani ameuleta ugonjwa. Watu walikumbuka kwamba ng'ombe wa Rre Tidimalo ndio waliotangulia kuugua, wakakumbuka pia kwamba mwezi Julai alionekana Sekaka akitafuta dume lake lililopotea, na mambo mawili yakawekwa pamoja na kuwa moja. Yeye alikana, na kwa kuwa si mtu wa maneno, alikana kwa ufupi, na ufupi wake ukahesabiwa kuwa kiburi. Marehemu aliitwa kama mlinzi wa lango, akaulizwa kama Tidimalo alirudi kusini na ng'ombe yeyote. Alijibu kwamba Tidimalo alipita mikono mitupu. Mtu mmoja nyuma akasema hata walinzi husinzia, watu wakaguna, na marehemu akaketi. Alijibu alichoulizwa, na alichojibu kilikuwa kweli, na kwa muda wa wiki mbili aliishi ndani ya jibu lile kama mtu aliyejificha mvua chini ya ngozi fupi.

Katika wiki mbili zile watu waliacha kusalimia nyumba ya Rre Tidimalo. Mkewe akifika kisimani ndoo yake ilisogezwa nyuma. Tarehe 30 Agosti mama yake mzazi, Mma Bonyana Mokgosi, alifariki kwa uzee, na hakuna mwanaume wa Motlhwareng aliyekwenda kuchimba. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane na mikono yenye nguvu, nami sikwenda. Ardhi ya Agosti mnaijua, wale waliochimba jana wanaijua. Rre Tidimalo alichimba kaburi la mama yake akiwa na wanawe wawili tu, na mkubwa kati yao ndiye huyu Otlaadisa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu.

Marehemu alikuwa anapita na baiskeli akitoka langoni, nyuma ya ua wa minyaa, akasikia sululu. Aliniambia kwamba mahali ambapo watu ishirini wanachimba husikii sululu, unasikia mazungumzo, vicheko vya chinichini, mtu akidai tumbaku, lakini pale ilisikika sululu peke yake, inapiga, inanyamaza, inapiga. Alisimama hapo kwa muda, kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Baraza la pili lilikaa Jumatano tarehe 7 Septemba, na wote tulijua kwamba Kgosi atatamka kuwa Tidimalo Mokgosi na nyumba yake wahame Motlhwareng. Kabla hajatamka, marehemu alisimama upande wa vijana, akavua kofia.

"Kgosi, ni mimi."

"Wewe umefanya nini, Mothobi?"

"Kichwa cha ng'ombe wa harusi. Nilikipitisha langoni kikiwa kibichi, Jumapili, kwa ufunguo huu."

Mjomba wake aliyekuwa mstari wa mbele aligeuka taratibu, kwa sababu ya nyonga, akamwambia, "Keti chini, mpwa wangu, jua limekupiga."

"Jua halijanipiga, mjomba. Ulimi ulikula wewe, na ulisema hujawahi kula ulimi laini kama ule."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Kgosi alimwuliza kwa nini hakusema katika baraza la kwanza, alipokuwa amesimama mahali palepale. Marehemu akasema kwamba siku ile aliulizwa habari za Tidimalo, akajibu za Tidimalo, na zake hakuna aliyeziuliza, na sasa ameona kwamba mtu anayengoja kuulizwa atazikwa akiwa bado anangoja. Kisha akavua ule ufunguo shingoni, akauweka chini mbele ya Kgosi, akageuka mahali alipokaa Rre Tidimalo na kumwambia, "Nilisikia sululu. Nikapita."

Rre Tidimalo aliinuka, akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani.

Marehemu alipoteza kazi, akafikishwa mahakamani, akafungwa miezi sita. Mjomba wake alisema hadharani kwamba hana mpwa. Mma Semakaleng aliwachukua watoto akarudi kwao, na ameniruhusu niseme hivi, kwamba hakuolewa ili awe mke wa mfungwa, kwamba mumewe alisimama barazani bila kumwambia yeye kwanza, na kwamba kwa hilo alimlaumu hadi mwaka huu. Lakini marehemu alipotoka Machi 1978 alimkuta amekwisha kurudi, anafagia ua huu wa Motlhwareng, na alipomwuliza kwa nini, alimjibu, "Kwa baba kila mtu ananong'ona nikiingia. Hapa kwako hakuna kilichobaki cha kunong'ona."

Sasa naeleza kazi aliyoifanya baada ya hapo, ambayo hakuajiriwa na mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kila nyumba iliyopoteza ng'ombe, akasimama mlangoni na kusema alilolifanya, kama vile hawajalisikia, kisha akauliza, "Nifanye nini?" Hakuomba asamehewe. Nilimwuliza kwa nini haombi msamaha kama Wakristo wengine, akanijibu kwamba msamaha ni mali ya mwenyewe, na mtu aliyekwisha kumchukulia mwenzake ng'ombe asianze tena kumwomba kitu.

Watu walijibu kila mmoja kwa namna yake. Mma Onalethata Seforo, aliyekuwa mjane na asiye na ng'ombe tena wa kukokota plau, alimwambia, "Ng'ombe wangu walikuwa wanne. Wewe ni mmoja, kwa hiyo anza mapema," akamlimisha shamba lake kwa jembe la mkono misimu miwili. Rre Phodiso Gabanakitso alimwambia asimsalimie tena, naye hakumsalimia, walipishana njiani kimya hadi Rre Phodiso mwenyewe alipochoka mwaka 1984. Rre Kgaboesele alinunua punda, akampa jina Mothobi, na kila asubuhi akampitisha mbele ya ua wetu akimchapa na kupaza sauti, "Tembea, Mothobi, mwizi wewe," na marehemu akawa anatoka kuwasalimia wote wawili, mpaka yule punda akazoea kusimama pale na kumngoja, na Rre Kgaboesele akambadilisha jina kwa hasira. Mjomba wake alikaa miaka sita bila kumtazama. Mwaka 1983 marehemu alipochinja tena, alikwenda kuuliza kama alete kichwa, na mjomba akajibu akiwa amegeukia ukuta, "Lete kilichopikwa. Meno yangu yamezeeka." Wazee waliokuwapo walielewa kwamba mjomba naye amejibu.

Nyumba moja tu haikujibu. Kila mwaka baada ya mavuno marehemu alikwenda kwa Rre Tidimalo Mokgosi, akasimama langoni, akauliza, na kila mwaka Rre Tidimalo akamwambia, "Bado nafikiri." Hakusema kwa ukali. Miaka mingine aliongeza kwamba mvua imechelewa, au kwamba mbuzi wake amezaa mapacha. Lakini hakumkaribisha kuketi, na marehemu hakuketi. Mma Semakaleng alimshauri mumewe aache, maana mzee yule anamchezea, naye akasema hapana, anafikiri kweli, jambo lenyewe ni kubwa.

Mwaka 1986 serikali ilileta pampu ya kisima, na kijiji kilitakiwa kuchagua mtu wa kushika ufunguo wa mashine. Vijana waliosoma walitajwa, na jina la marehemu lilipotajwa watu walicheka, kwa kuwa alikuwa amewahi kushika ufunguo. Hapo Mma Onalethata alisema maneno yaliyomaliza mjadala: "Mpeni huyo. Wengine wakiiharibu tutatafuta mwaka mzima aliyeiharibu. Huyu akiiharibu tutajua siku hiyohiyo." Aliishika hadi mwaka 2004. Aliiharibu mara moja, mwaka 1990, kwa kusahau mafuta, na kabla ya kiamsha kinywa alikuwa amekwisha kwenda kwa Kgosi kujisema, na kufika saa sita mashine ilikuwa imetengenezwa, kwa sababu hakuna aliyepoteza muda kuuliza nani.

Wanawe wataniwia radhi nikisema kwamba nyumbani alichosha. Chungu kikivunjika hakuwa akiuliza kimevunjikaje, alingoja mtu aseme ni mimi, na chakula nacho kilingoja. Mma Semakaleng alikuwa akisema kwamba katika ua huu hata kuku akitaga nje ya kiota anatakiwa asimame ajieleze. Lakini watoto wale, nikiwatazama leo, ni watu wanaoweza kukaa meza moja bila kuhesabiana, na hilo si jambo la kawaida katika familia ninazozijua, nami nimeandika kesi za familia nyingi.

Nilikuwa nikijiuliza, kama karani, huyu mtu alipata nini. Adhabu aliipata kama washtakiwa waliokana walivyoipata, na zaidi, kwa kuwa wao mara nyingi waliachiwa. Siku moja tukiwa kisimani nilimwuliza. Alisema adhabu ni kitu watu wanakufanyia, unaweza kukipokea umelala, lakini kujibu ni kitu unachofanya mwenyewe, kwa miguu yako, na kimoja hakiwezi kuwekwa badala ya kingine. Kisha akasema jambo ambalo nimeishi nalo: "Nimelinda lango miaka saba, Galebowe. Najua kazi ile. Kila anayekuja unasimama, unatazama amebeba nini, hulali usingizi wa kweli. Sikutaka kulinda jingine mdomoni mwangu hadi nife." Ninashuhudia kwamba alilala vizuri. Alikula katika nyumba yoyote, aliingia baraza lolote bila kutazama kwanza nani amekaa wapi, na alizeeka akicheka kwa urahisi kuliko sisi tuliokuwa hatujakosa kitu.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2012, kisukari, na mwezi Machi mwaka huu wa 2017 madaktari walilazimika kuukata mguu wa kushoto. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi wa mwili na wa maneno. Mwezi Juni ulipofika wakati wa kwenda kwa Rre Tidimalo hakuweza kwenda, na alisikitika kuliko alivyousikitikia mguu. Ilikuwa Jumapili tarehe 18, tumeketi juani ukutani, tulipomwona Rre Tidimalo mwenyewe anakuja na fimbo yake, mwenye miaka themanini na mitano, hakuwahi kuvuka lango la ua huu tangu mwaka ule. Alisimama.

"Hukuja," alisema.

"Sina mguu, Rre."

"Naona. Nimemaliza kufikiri."

Marehemu aliomba asaidiwe kuketi wima, na mkewe akamwinua.

"Nitakapokufa," alisema Rre Tidimalo, "kaburi langu uchimbe wewe."

"Rre, mimi nina mguu mmoja."

"Sikukuuliza una miguu mingapi. Miaka yote hii umekuwa ukiniuliza ufanye nini. Nimekwambia."

Marehemu alimtazama, kisha akacheka, na yule mzee naye, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, pembe za mdomo wake zikasogea.

"Nitachimba," marehemu alisema.

Rre Tidimalo aliketi. Mma Semakaleng alileta uji wa mtama, akaunywa wote, akaeleza habari za mbuzi, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata marehemu aliwaita wanawe watatu. Aliwaambia kwamba amemwahidi Rre Tidimalo jambo, kwamba huenda akatangulia, na kwamba neno hili si urithi na hawezi kuwalazimisha, kwa hiyo anayekataa aseme sasa, mbele yake, asiseme amekubali halafu asionekane. Rebaone alisema atachimba. Tebatso alisema atachimba. Olebile, ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1977, alisema, "Baba, mimi ulimi wa ng'ombe yule sikuula."

"Ni kweli," marehemu alimjibu. "Basi sema hapana, na hakuna atakayekulaumu."

Olebile alichorachora chini kwa kijiti. Kisha akasema, "Nitachimba, lakini ijulikane nimeulizwa." Marehemu alifurahi kwa jibu lile kuliko yale mawili, na aliniambia hivyo baadaye, nami nalisema hapa ili Rebaone na Tebatso walisikie kwangu.

Mwezi huu mapafu yake yalijaa maji, na Jumapili tarehe 20 Agosti 2017, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akimshika mkono na mimi nikiwa mlangoni, Mothobi Modisaotsile alituacha, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliuliza kama kuku wamefunguliwa.

Jana Ijumaa mchana, vijana walipokwisha kupima kaburi na kuanza kulichimba, na ardhi ikawa inawarudishia mikono, Otlaadisa Mokgosi alikuja peke yake akiwa amebeba sululu begani. Wote tuliokuwa pale tuliijua, mpini umebadilishwa mara nyingi, lakini chuma ni kilekile, kimeliwa upande mmoja. Alisema, "Baba ameshindwa kuamka, lakini amesema mtumie hii." Rebaone aliipokea kwa mikono miwili. Kaburi ambalo tutamlaza marehemu asubuhi hii limechimbwa kwa sululu hiyo, mwanzo hadi mwisho, na wanaume waliochimba walikuwa wengi, walizungumza, walidai tumbaku, na mmoja alichekesha wenzake, kama inavyotakiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa muuguzi aliyemfundisha mjane kufunga kidonda. Inamshukuru Kgosi Gaone Radipitse na kgotla yake. Kanisa na kwaya. Kamati ya kisima, waliofunga pampu leo kwa heshima yake na kutuachia matangi yaliyojaa. Majirani waliopika, waliokesha na waliochimba. Na nyumba ya Kebalepile, waliokuja kupokea kilicho chao. Tukimsahau mtu, aje aniambie mimi Galebowe, kosa litakuwa langu.

Mothobi, ndugu yangu, uliitwa ukaitika. Lala sasa, hakuna anayekungoja kwa swali.

Nimebakiza neno moja, nalo ni kwa Rebaone, Tebatso na Olebile. Tukishafukia hapa, msioshe beleshi, na sululu msiirudishe kama kitu kilichoazimwa, bali nendeni nayo moja kwa moja hadi ua wa Mokgosi, mkaonyeshwe mahali. Rre Tidimalo Mokgosi amefariki leo alfajiri.